Mfagiaji, Sekunde Tatu

Alipita nyuma ya madaktari wawili waliokuwa wakibusiana,
kainama, ana ndoo ya manjano, anapiga deki.
Sekunde tatu. Nilihesabu.
Tamthilia ilipokwisha majina yakapanda kama moshi,
fulani kwa nafasi ya fulani, fulani kwa nafasi ya fulani,
na yeye chini kabisa: Mfagiaji.

Nikazima runinga. Haiwezekani, nikasema.
Mtu mzima, awe mgongo tu?

Middlesbrough, Februari, saa nane za usiku.
Udobini kwa hospitali mashuka hutoka mashineni
na joto la mkate,
nasi tunakunja, mimi na Maureen, ncha kwa ncha,
tunakaribiana, tunaachana,
kama watu wanaocheza ngoma wasiyoichagua.
Wakati wa chai nikageuza fomu ya mashuka yaliyochanika,
nikaandika kwa nyuma: Mwanahamisi.
Nikampa goti bovu la kushoto,
deni la gesi,
binti mwenye mtihani wa hesabu Jumanne,
basi linalomwacha kila Alhamisi,
na sauti ya kuimba isiyojulikana na mtu
ila ngazi za ghorofa ya nne.
Wale madaktari wakapita nyuma yake. Sekunde tatu.
Sikuwapa majina.

Maureen akataka kujua naandika nini.
Nikamsomea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.
Akanyamaza, akapuliza chai yake.
"Sasa, hilo basi alilipata?"

Usiku wa tatu akaja na ombi, akilitazama shuka, si mimi:
"Yule daktari aliyeanguka ngazini,
huwezi kumfanya asianguke?"

Maureen si mjinga.
Jeneza aliliona, na ile mvua ya bandia.
Habari za majeneza anazijua kunishinda:
Colin wake alitoka kununua maziwa.

Nikaandika kurasa sita, herufi kubwa kubwa.
Daktari anateleza. Anashika chuma cha ngazi.
Anatukana. Anashuka.
Anakwenda dukani, anarudi na maziwa.
Basi. Hata busu hamna.
Maureen alizisoma mara nne
halafu akazitia mfukoni mwa koti, sikuziona tena.

Mwanangu Nasibu hunicheka.
Mama, hao watu si wako. Tunga wako.
Kweli, si wangu.
Lakini miaka kumi na tisa nimepanga nyumba za watu
na hakuna hata moja niliyoiacha bila pazia.
Na shangazi yangu Mwanapili, akisimulia habari za fisi,
kwanza alitazama nani analia,
ndipo akaamua fisi ale au alale njaa.
Hakuna aliyemdai hati.

Wiki iliyopita Krystyna wa zamu ya asubuhi
aliazima fomu zangu, akazirudisha zina alama ya kikombe.
Nilipofika ukurasa wa mwisho,
pale Mwanahamisi anakimbia na goti lake
na taa za basi zinaanza kusogea,
nikakuta mstari mmoja umeongezwa,
kalamu ya kijani, mwandiko wa kulalia kushoto:

Dereva alimwona kwenye kioo.