Upande wa Kushoto

Usianze kwa kufungua. Anza kwa kusikiliza.
Spika ya kulia inaimba kama kawaida yake.
Ya kushoto, besi ikishuka, inakwaruza
kama mtu anayekokota sufuria kwenye saruji.

Nikazima. Nikabadilisha waya,
wa kushoto kulia, wa kulia kushoto.
Mkwaruzo ukihama, mgonjwa ni amplifaya.
Ukibaki palepale, mgonjwa ni spika.
Nikawasha.
Ukabaki palepale, kama mpangaji asiyelipa kodi.

Hata hivyo amplifaya niliifungua,
maana haijaona bisibisi miaka kumi na tisa.
Juu ya transfoma, usubi wa ziwa kwa maelfu,
waliofuata taa ndogo ya kijani wakafia humo.
Ganda la yai la mjusi.
Kapasita nne nilizozishuku bure.

"IMEPONA?" Mama, kutoka jikoni.
"BADO!"
Nyumba yetu hapa Walukuba haijui kunong'ona.
Mama Nabirye alipohamia jirani
alikuja jioni ya pili kutusuluhisha,
kumbe tulikuwa tunaulizana chumvi iko wapi.

Nikavua kitambaa cha spika.
Vidole vitatu juu ya koni, nikaisukuma taratibu
kama unavyogusa kifua cha mtoto mwenye homa.
Ikakwaruza. Na pembeni, ufa,
nusu duara, mrefu kama kidole changu.
Huu si wa panya. Panya huacha meno.
Karatasi hii imechoka kwa kupigwa kutoka ndani,
sauti kubwa mno, jioni nyingi mno.

Basi nikarudi kwenye swichi ya sauti, nikaitazama
kama vile sijawahi kuiona.
Moja, mbili, tatu, nne: namba zimekaa kama mpya.
Nane na tisa hazipo.
Zimefutwa na kidole gumba.

Baba alitoka Arua na shuka moja,
Andama, mtoto wa tano,
akapewa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo,
miaka ishirini na sita, ubavu uleule,
sikio la kushoto kwenye chuma.
Akirudi anaketi kiti kile,
sikio lilelile kwenye spika hii.
"Ongeza, Ayikoru. Mbona wanaimba kwa kujificha?"
Nami naongeza.
Kidole changu pia kimo katika ile nane.

Sisi tulidhani ni furaha.
Majirani walidhani ni majivuno ya mwenye stereo.
Hakuna aliyefikiri kubadilisha waya,
kumwita mara moja kutoka kulia,
mara moja kutoka kushoto,
tuone kasoro inabaki wapi.

Gundi nyeupe. Karatasi ya pakiti ya majani ya chai,
vipande viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma.
Umeme ukakatika kabla sijamaliza,
nasi tunaishi karibu na bwawa
kama mtoto wa muuza mikate anayelala njaa.
Nikamalizia kwa tochi ya simu.

Saa nne usiku taa zikarudi.
Santuri ya gitaa, ile yenye kovu ukingoni.
Nikageuza hadi tatu. Tatu tu.
Besi bado ina punje ya mchanga,
koili haikunyooka sawasawa, sitadanganya.
Lakini huko kushoto, nyuma ya mwimbaji,
kulikuwa na gitaa la pili,
dogo, linajibu, linasita, linajibu tena.
Nimekua na santuri hii.
Sikuwahi kujua wako wawili.

Mama akaja hadi mlangoni na mwiko mkononi,
akatazama kiti, akasema neno.
Sikulisikia.
"UNASEMAJE?"
Hakupaza. Akalirudia vilevile,
chini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya,
na ikabidi niinuke,
nisogee karibu naye.