Namba Kumi na Tatu

Ulianza Juni, siku ya kwanza ya barafu,
njiani baina ya Gastre na Gan Gan,
pale changarawe inapojipanga matuta kama ubao wa kufulia.
Ko.
Kisha kimya. Kisha ko-ko.
Anselmo akazima redio.
Akanizima na mimi, kwa kiganja,
nami nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu bei ya sufu.
"Unasikia?"
Nilisikia upepo. Huku Patagonia
mtu husikia upepo kwanza, mengine baadaye.

Hauji ukiuita.
Huja kwenye kona za kushoto, mwendo wa arobaini,
tangi likiwa nusu,
na aghalabu siku ambayo hatuna shahidi.
Tulimpelekea fundi Pritchard kule Trelew, safari ya kutwa,
pikapu ikanyamaza tuli
kama mtoto aliyelia usiku kucha
akafika kwa daktari anacheka.
Fundi akafuta mikono. "Ni uzee," akasema.
Sikujua alikuwa anamtazama nani.

Bushi mpya: kondoo wawili.
Shokomzoba za nyuma: kondoo wanne na dume mmoja.
(Mimi huhesabu kwa kondoo. Peso hubadilika
kabla hujamaliza kuihesabu.)
Tukamwaga kisanduku cha dashibodi:
betri za tochi, mkasi wa kwato, rozari ya mama mkwe,
leseni iliyokufa mwaka juzi.
Tukaendesha bila hivyo vyote.
Ko.
Debe tupu haliachi kutika, nikamwambia,
naye hakucheka.
Usiku mmoja nilimwona dirishani
amesimama uani kwa soksi, anaitikisa pikapu kwa bega
kama mtu anayemwamsha mlevi.

Agosti nikasema: leo napanda nyuma.
Nikalala kifudifudi juu ya magunia, sikio kwenye bati,
turubai juu yangu.
Tulipatana: ngumi moja, punguza;
mbili, kata kushoto;
tatu, simama, nimeshiba vumbi.
Bati lina maneno mengi ukililalia.
Springi hulalamika, ekzosi hunung'unika,
kuna nati inayopiga soga na jirani yake,
na chini ya hayo yote, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi na hataki kusumbua:
ko.
Nikaufuata kwa shavu, shibiri baada ya shibiri.
Nikapiga ngumi tatu. Nikapiga tena, hakusikia,
nikapiga mpaka vifundo vikachubuka.

Ulikuwa ndani ya chesisi, upande wa kulia,
kwenye tundu ambamo mkono wa Anselmo haukupita.
Wangu ulipita.
Nikatoa tope, nikatoa kiota cha panya,
kisha kitu baridi, kirefu.
Spana. Namba kumi na tatu.
Mpini umezungushiwa utepe mwekundu, kama zake zote.

Miaka mitatu nyuma, msimu wa kukata manyoya,
spana hiyo ilipotea, na Wenceslao akaitwa mwizi
mbele ya wakataji wote, sahani ya nyama mkononi.
Hakujitetea. Aliiweka sahani chini, polepole,
akafunga tandiko,
akaacha mshahara wa wiki mbili juu ya meza.
Nilikuwepo. Nilikuwa nagawa mkate.
Niliendelea kugawa.

Anselmo akaipangusa kwenye shati.
Akaijaribu kwenye bolti ya kwanza aliyoiona;
ikakaa sawasawa.
Tukapanda. Barabara ileile, matuta yaleyale,
kona ya kushoto, arobaini.
Hakuna kitu.
Spana juu ya dashibodi inateleza huku na huku,
na hakuna kati yetu anayeishika.

Kilomita tisa baadaye akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeulizia dizeli:
"Wense bado yuko kwa shemeji yake, Paso del Sapo?"
"Yuko," nikasema.
Hakuuliza nimejuaje,
wala soksi za sufu ninazofuma kila baridi,
kubwa kuliko mguu wake, huwa zinakwenda wapi.
Akainama kuitazama geji ya mafuta.
Nusu tangi.