Hafumbi Macho

"Wiki tatu tu, Mama," alisema Anyigulile,
akaweka sanduku mezani, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe,
akapanda basi la Mwanza na begi moja.
Hii ni wiki ya kumi na moja.

Sanduku lilichongwa Keko, kwa fundi Mkwizu:
mninga pande tatu, kioo mbele.
Fundi alidhani ni la kuuzia maandazi.
Ndani mna makumbi ya nazi yaliyochambuliwa,
bakuli la maji, kifuu kilichotobolewa mlango,
na yeye, mwembamba kama mkanda wa gauni,
mgongo rangi ya papai lililoiva,
tumbo madoa meusi na meupe
kama ubao wa drafti pale kijiweni.
Nyoka wa mahindi, ndivyo anavyoitwa.
"Basi mpe ugali," akasema Mama Tumwesige, akiwa nje ya mlango.

Mimi niliumwa mgombani, Tukuyu, nikiwa na miaka tisa.
Wanaosema aliyeumwa na nyoka hushtukia unyasi
hawajafua nguo:
mimi hushtukia kamba ya kuanikia.
Usiku wa kwanza nilikaa na ufagio magotini
hadi adhana ya alfajiri.
Yeye hakutoka ndani ya kifuu.
Kumbe naye alikuwa akiningoja niondoke.

Maelekezo yako nyuma ya risiti ya LUKU:
*Panya mmoja kila siku ya saba.
Mtoe kwenye friza, mloweke maji ya moto, asipewe wa baridi.
Tumia koleo, si vidole.
Akishakula usimshike siku mbili.
Upande mmoja joto, mwingine ubaridi, achague mwenyewe.
Funika, weka tofali. Huyu hupita hata penye upenyo wa kidole.*

Hakuandika umeme ukikatika nifanye nini.
Hakuandika Februari ya Tabata,
bati linapolia saa nane mchana
na nyumba nzima haina upande wa ubaridi.
Niligandisha chupa ya maji, nikaivika soksi,
nikailaza ubavuni mwa sanduku.
Dakika kumi hazikwisha, akaja kujinyoosha pale pale,
ulimi ukichungulia.
"Umeona, eh?" nikamwambia.
Nikaona haya kuongea na nyoka.
Nikaongea tena.

Panya wako kwenye friza, chini ya dagaa,
ndani ya kopo la aiskrimu.
Shemeji Lusajo alilifungua kwa tamaa zake.
Hajarudi tangu Jumapili ile.

Juzi macho yake yaliingia ukungu,
buluu ya maziwa yaliyotiwa maji mno.
Nikapiga simu usiku wa manane: mwenzio amepofuka.
Akacheka. "Anajivua gamba, Mama.
Lowesha makumbi. Usimlishe."
Kujivua gamba! Mimi nilidhani ni maneno ya majukwaani,
ya watu wasiovua hata kofia.
Huyu alivua kweli, Alhamisi, puani hadi mkiani,
kipande kimoja,
hata vioo viwili vya macho vimo.

Kila Jumapili simu inalia.
"Amekula?"
Amekula.
"Maji anakunywa?"
Anakunywa.
"Anatoka?"
Jioni, nyumba ikitulia. Hupita kona zote nne, hurudi.
"Analala vizuri?"
Hafumbi macho, mwanangu. Hana kope.
Utajuaje kama amelala?

Kimya kidogo. Halafu:
"Na wewe, Mama?"
Nikamwambia mtandao unakatakata.

Gamba nimelikunja ndani ya bahasha ya kaki,
jepesi kuliko ganda la kitunguu.
Kesho nalipeleka stendi, nimpe kondakta wa Mwanza.
Akiuliza mna nini humu,
nitasema ni nguo ya mtoto.
Imembana.