Safu ya Saba

Nilikuwa mimi.
Kalamu ilikuwa yangu, na mwandiko ule uliolalia kushoto
ni wangu, hapa Gongoni kila mtu anaujua.
Safu ya kwanza jina, ya pili siku alizoingia kazini,
na ya saba, pembeni kabisa, karibu na mshono wa daftari:
akiba ya uzeeni. Asilimia sita, kila mwezi, kila mtu,
miaka kumi na mmoja.

Nilikata. Kazi yangu ilikuwa kukata.
Pesa zilikwenda wapi baada ya hapo
sikuulizwa, nami sikujiuliza kwa sauti.

Sisi tunajua kukausha.
Maji ya bahari huingizwa bwawani, jua likayanywa,
kikabaki kitu kizito, cheupe, cha kuhesabiwa kwa magunia.
Fedha ya safu ya saba ilikauka vilevile,
ila chini hapakubaki kitu.

Alikuja Jumanne kwa bodaboda, katokea Malindi mjini,
mwanamke mfupi, Wakesho jina lake,
raba zimejaa vumbi jeupe, kitambulisho cha Mamlaka shingoni.
Meneja akamwagizia soda. Hakuinywa.
Akamuuliza ametumwa na nani.
"Sheria imenipa mlango," akasema, "na kabati,
na kilichomo ndani ya kabati."
Hakupaza sauti. Ungedhani anasoma bei ya sukari.

Nilidhani serikali huja na bunduki ama na hotuba.
Huyu alikuja na rula.
Aliiweka chini ya mstari, akaisukuma, mstari, mstari,
taarifa za benki upande huu, daftari langu upande ule,
na palipotofautiana akatia nukta ya penseli,
ndogo, kama uchafu wa nzi.
Kufikia adhuhuri kurasa zilikuwa na tetekuwanga.

Za benki ziliishia mwaka wa tatu.
Langu liliendelea.

"Nani kaandika hapa?"
Feni ilizunguka. Meneja akanitazama
jinsi mtu anavyoitazama ngazi aliyokwisha kuipanda.
"Mimi."
"Na wewe, unakatwa?"
Swali hilo sikulitarajia. Nikateremka na kidole
hadi Mapenzi Charo Nzai, safu ya saba, asilimia sita.
Nilikuwa nimejiibia kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake nikamletea daftari jingine, la nyumbani,
lililokuwa limelala ndani ya debe la unga,
lenye tarehe na maneno ya simu kama yalivyosemwa:
za mwezi huu zinunue dizeli, tutarudisha.
Akapangusa unga kwa kiganja. Akasoma akiwa amesimama.

Mwezi wa pili barua zikafika, muhuri juu ya muhuri.
Wadhamini watatu wameondolewa.
Akaunti imefungwa, asiiguse mtu.
Deni lilipwe na riba yake, na faini juu ya riba,
na atakayebisha akabishe mbele ya hakimu.

"Kwa hiyo zimerudi?" wakauliza wachota chumvi.
Sijasema zimerudi. Nimesema zinadaiwa
na mtu asiyeogopa soda ya meneja.

Mamlaka inaweza kuvunja kufuli.
Kahindi Mwaro haiwezi kumwamsha.
Alikufa Aprili, nyayo zimepasuka kwa magadi,
akijua ana kitu chake huko mbele.
Wakesho aliliandika jina lake hata hivyo.
"Mrithi?"
Binti, Nyevu, yuko darasa la sita.
Hilo aliliandika kwa wino.

Mimi bado naandika.
Ila siku hizi siufungi ukurasa kabla ya risiti ya benki,
naibandika dirishani, upande wa nje, kwa gundi.
Wanapita na makoleo begani. Wengine hawanisalimii,
na sina la kuwadai.
Wengine husimama wakasoma.
Kache hajui kusoma. Yeye huibandua kidogo kwenye pembe,
akaipindua, akaangalia nyuma,
kama mtu anunuaye samaki.