Mfumbati

Alikuja na mfumbati begani,
ubao pekee uliobaki wa kitanda chake,
upande mmoja mchwa wamekula, mmoja wameuachia.
"Mninga huu," akasema Bi Somoe,
"alininunulia kwa korosho za mwaka tuliooana.
Nitolee fremu. Ya kusimama mezani.
Ukuta wangu wa udongo haushiki msumari;
nimepigilia mara mbili,
mara mbili nimeokota picha pamoja na donge la ukuta."

Mimi natengeneza milango.
Milango, vitanda, madawati ya shule.
Fremu ni kazi ya vidole, na vyangu
viwili havina kucha.

Nikaupitishia randa.
Chini ya weusi wa miaka, moshi, mafuta ya nazi,
mti ukatoka mwekundu kama umekatwa jana,
harufu ikajaa kibandani mpaka nikaona haya,
kana kwamba nimefunua shuka la watu.

Akafungua fundo la pindo la kanga, akanipa picha.
Marehemu Nandonde, shati la mikono mifupi,
jicho moja amelifumba kwa jua.
Na begani kwake, kutoka ukingo wa kushoto, mkono:
vidole vya hina, pete, bangili ya fedha.
Mwenye mkono kabaki nje ya picha.
"Huo ufunike. Fremu si ina mdomo? Basi uule."
"Wa nani?"
"Fundi, pima."

Nikapima.
Pembe nne, kila moja nyuzi arobaini na tano;
ukikosea kidogo kwenye tatu, ya nne inakucheka kwa mwanya.
Ya nne ikanicheka.
Nikaziba kwa gundi na unga wa msumeno
(nakiri hapa, kwa kuwa yeye hasomi mashairi).

Mguu ndio ulionitesa.
Kijiti chembamba juu, kipana chini,
bawaba nimeing'oa kwenye sanduku la cherehani.
Ulipokuwa mrefu, Nandonde aliinama,
akaanguka kifudifudi juu ya maranda.
Nilipoupunguza sana, akalala chali kama mgonjwa.
Nikachonga wa pili, nikaula kwa msasa, kidogo kidogo,
nikaufunga uzi wa katani
usipanuke kupita adabu.
Akasimama.
Upepo wa Newala, ule unaopanda kutoka bondeni,
ukaingia mlangoni bila hodi.
Akatikisika. Akasimama.

Ijumaa Bi Somoe akaja.
Akamweka kwenye benchi, kati ya tupa na kopo la vanishi,
akarudi nyuma hatua tatu, kama anayempisha mtu.
Jirani akawasha mashine ya kusaga, akaizima.
"Bega lake limekaa vibaya."
"Bega ni lilelile, Bi Somoe."
"Limeinuka. Limebeba kitu, na kitu chenyewe hakionekani."

Akakaa juu ya dawati ambalo halijakauka rangi.
Sikumwambia.
"Eda tulikaa chumba kimoja, mimi na binti Mchopa.
Mkeka mmoja. Nikiamka usiku
nikidhani namsikia mwanamume anakohoa,
yeye ndiye aliyekuwa akiwasha kibatari,
akasema, na mimi nimemsikia.
Punguza mdomo, fundi. Kushoto tu."

"Upande mmoja utakuwa mnene, mmoja mwembamba.
Watu watasema fundi hajui kazi."
"Waseme."

Nikatoa kioo, nikashika patasi,
kila nikipunguza namjaribisha picha.
Zikatoka kucha. Vikatoka vifundo vya vidole,
kisha pete.
Bangili ilikuwa bado ndani ya mti
alipoinua mkono:
"Hapo. Bangili nimemnyima."

Akalipa nusu; nusu, mnada wa korosho ukifika.
Akaukunja mguu taratibu,
akamfunika mumewe kwa kanga,
akaondoka naye kwapani,
mstari wa rangi ya bluu nyuma ya gauni lake.