Sikio Limeshikwa

Januari, Urambo. Mvua imenyesha usiku kucha,
uwanja wa shule una rangi ya uji wa ulezi.
Wamekuja tisini na mmoja,
sweta za kaka zao, mikono imekunjwa mara tatu,
kandambili zimebaki kwenye tope, miguu imefika.

Mwalimu mkuu anasema: mkono juu ya kichwa.
Kipimo cha zamani, hakina karatasi wala mhuri.
Mkono wa kulia upite utosini,
vidole vishuke, vitafute sikio la kushoto.
Kashindye Mihambo amelipata.
Analivuta kidogo, kama anayehakikisha kwamba ni lake.
Basi, umri umetimia. Namwandika.

Sikio limeshikwa.
Nalo limesikia nini, miaka sita?
Kuni zikipasuka chini ya bani saa nane za usiku.
Baba akihesabu deni la mbolea kwa sauti, kisha kwa ukimya.
Namuuliza hujambo, ananipigia goti, kimya.
Namwambia mwangaluka,
uso wote unafunguka kama dirisha.

Dawati la mbele, Erasto wa karani wa chama cha msingi
amekwisha kuandika jina lake, na la mbwa wake.
Miaka miwili alikaa mjini kwa shangazi,
chekechea yenye bembea, na vikombe
vilivyoandikwa kila mtu chake.
Anajua kitabu hufunguliwa kutoka huku.
Kashindye amekipokea kwa mikono miwili, kama sahani ya moto,
twiga wa jaladani miguu juu.

Darasa la awali tunalo. Liko ng'ambo ya mbuga,
na mbuga ikijaa, maji humfika mtu mzima kiunoni.
Mwalimu wake alijitolea kwa debe la mahindi kwa mwezi,
mpaka mwaka ule mahindi yalipogoma.
Mzee Mihambo hakukataa shule.
Alisema tu: miguu yake bado mifupi.
Na msimu ulikuwa mrefu.

Nagawa penseli.
Yake ameikamata kwa ngumi, ncha chini,
anaidunga kwenye daftari kama anayepanda mche.
Chora duara, nasema.
Duara ni neno lisilowahi kufika kwao.
Fomu yangu ina visanduku.
Herufi: hajui.
Rangi: hajui.
Kupanga vitu kwa makundi: hajui,
nimeandika hivyo, kwa wino, na saini yangu chini.

Mapumziko.
Chini ya mjohoro karibu na choo
Kashindye amechutama peke yake, anaokota majani.
Ya rangi ya limau huku.
Yaliyoungua ukingo huku.
Yenye madoa, pembeni, mbali kidogo, kama wagonjwa.
Kisha marefu na marefu, mafupi na mafupi,
anafunga vikonyo kwa unyasi, fundo moja, anakaza kwa meno.
Mteuzi wa sokoni angepita hapa
asingebadilisha hata jani.
Erasto akanyoosha mkono, akachanganya.
Akapigwa kofi la kiganja.
"Hilo si la huku!"
Kiswahili chake cha kwanza shuleni.

Sisemi bani ni shule.
Nimeviona vidole vile, weusi wake hautoki kwa sabuni.
Mama yake aliniambia, bila kunitazama,
kwamba akiwa na miaka minne alibeba majani mabichi yenye umande
akatapika siku mbili.
Hakuna mtoto anayepaswa kulipa ada hiyo
ili ajue njano.
Lakini njano anaijua. Tena anajua njano ngapi.
Mimi niliyesoma chuo miaka miwili
nilimwonyesha kadi, nikangoja jina.

Natafuta kisanduku cha kuandika hayo.
Hakipo. Naandika pembezoni, herufi zinapanda
ukingo wa karatasi, zinageuka kona.

Kengele.
Wote wanakimbia, manyunyu yameanza.
Yeye anarudi nyuma,
kwa sababu majani yaliyochambuliwa
hayaachwi mvuani.
Anakuja na mafungu yake yote kifuani, kidevu kimeyabana.
Nampisha mlangoni.