Neno la Ishirini na Nne

Kitabu cha kwanza nilikichapa kwa taipureta,
mwaka ambao duka langu la Mikumbi halikuwa na mlango,
pazia tu, na kibao: STESHENARI YA BITI NAMKUNA.
Mwalimu Chinguile alileta daftari la kurasa mia,
mwandiko umelala kama mpunga uliopigwa na mvua,
na humo ndani Inspekta Mponda kachuchumaa Mahiwa
anafukua kwa kijiko cha chai
sanduku la rupia za dhahabu alilozika Mjerumani
akikimbilia Ruvuma.

Hakulipata. Nilijua hatalipata.
Auzaye hadithi kwa mfululizo
hamwachi shujaa ashike mali ukurasa wa mwisho.
Mwakani angekula nini?

Cha pili, cha tano, cha tisa.
Wanafunzi wa Nyangao wakalikariri fumbo lile
kuliko jedwali la kuzidisha:

    Toka jiwe la mpishi, hesabu hatua saba,
    Palipozimika moshi, chimba kwa jembe la shaba,
    Aliyezika hatishi, mifupa yake ni haba,
    Mali haina mrithi, ina deni na msiba.

Kufikia cha kumi na moja nilikuwa na kompyuta,
mashine ya fotokopi, na mkopo wa kuilipia.
Mwalimu akasoma gazeti lililofungia bagia,
akaja mbio, mafuta bado vidoleni:
dhahabu si dhahabu tena!
Mjukuu wa askari ameiuza kwa siri, ameifanya bitikoini,
na ufunguo wake ni maneno ishirini na manne
yaliyofichwa vitabuni, hapa moja, kule moja.
"Sarafu isiyolia mezani," nikamuuliza,
"mtu ataiuma wapi ajue si bandia?"
Akacheka. Akasema nichape tu.

Siku moja, moja tu, alinisimulia bila Inspekta.
Babu yake alibeba sanduku la vita kichwani
kutoka Lindi hadi asikojua jina,
hakuambiwa lina nini,
na shingo haikunyooka tena mpaka anazikwa.
Aliahidiwa ujira. Akaenda bomani kuudai
misimu mitatu ya mtama.
Jina halimo daftarini, wakamwambia.
Kisha wakaja Wazungu wengine,
wakasema deni si lao.

Mwalimu alifariki Machi, katikati ya kitabu cha ishirini.

Jana kaingia kijana wa Tandahimba, Shaweji Mtepa,
malipo ya korosho za mnada wa pili yote kayamalizia
kwenye seti nzima, vitabu kumi na tisa.
Ana orodha kwa kalamu nyekundu, maneno ishirini na matatu.
Nikapitisha kidole: *kisima, korongo, bawa* ...
La kumi na saba: *mkuku.*

Mkuku wa meli ya Mjerumani, akanieleza,
macho yamemtoka, na ramani anayo.
Mwalimu aliandika mkuki.
Kwenye vitufe *u* na *i* ni majirani,
na usiku ule umeme ulikuwa unakwenda na kurudi.

Sikumwambia.

"La mwisho ulichape wewe nani mwingine," akasema. "Lipo?"

Lipo na halipo. Karatasi iko kwenye droo, chini ya risiti:
*Inspekta Mponda akafuta kioo cha simu.*
*Neno la ishirini na nne ni*
na hapo mwandiko unateremka pembeni:
*sukari nusu, betri mbili,*
*Biti Namkuna, kurasa 1,146, sijamlipa.*

Mashine ilikuwa inapata moto.
Kijana amefunua kalamu, anangoja,
shingo kaiinamisha kama aliyetwishwa kitu.

"Andika," nikamwambia. "Ujira."

Akaandika. Akauliza kama linaanza na herufi kubwa.
Akataka nakala mbili za orodha, moja ya kuficha.
Nikamtoza mia nne.
Taslimu.